Nyayo Zilizorudi Nyuma

Wahenga walisema, "Aliye juu mngoje chini." Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu mwenye kujivuna. Mimi nataka kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, kwamba yako mambo ambayo mtu aliye juu hawezi kuyaona mpaka ashuke. Habari za wanyama wa Serengeti, ambao ni jirani zetu sisi wakazi wa Bariadi, Itilima, Meatu na Busega, zimeandikwa kwa zaidi ya miaka 60 na watu waliokuwa juu: juu ya ndege, juu ya magari, na siku hizi juu zaidi kwa msaada wa setelaiti. Maandishi hayo yamefanya kazi kubwa na nayaheshimu. Lakini yana pengo, na pengo hilo huonekana vizuri zaidi pale mnyama anapokutana na barabara. Nakusudia katika kurasa hizi chache kulihakiki pengo hilo, na kuonyesha kwamba dawa yake haiko mbali nasi. Iko kwenye vumbi tunalolikanyaga kila siku.

Haki yataka tuanze na kitabu kilichoitangaza Serengeti duniani kote. Nacho ni kile cha Bernhard Grzimek, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Kilitoka mwaka 1959, pamoja na filamu yenye jina hilo hilo: Serengeti darf nicht sterben, yaani, Serengeti isife. Baba na mwana walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia kama punda milia, wakaigawa nchi vipande vipande, wakaruka chini chini wakihesabu wanyama kwa macho yao. Januari 1959 Michael alifariki ndege hiyo ilipogongana na tumbusi ikaanguka, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Bernhard naye alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa kuzikwa kando ya mwanawe. Mtu asiyeguswa na habari hiyo ana moyo mgumu.

Sifa kuu ya kazi ile, kwa maoni yangu, si uzuri wa picha zake. Ni swali lililoulizwa. Wakati ule mipaka ya hifadhi ilikuwa inakatwa upya, na Ngorongoro ikatengwa na Serengeti mwaka huo huo wa 1959. Akina Grzimek walisema kwamba kabla ya kuchora mstari kwenye ramani ni lazima kwanza kumuuliza mnyama anakopita. Wakafuata makundi, wakaona kwamba njia za wanyama na mistari ya wakubwa ni vitu viwili tofauti. Hilo ni somo ambalo mpaka leo wapangaji wengi wa mipango hawajalifaulu.

Pamoja na sifa hiyo, kazi ile ina kasoro tatu, nazo zimerithiwa na wengi waliofuata.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu yenyewe. Walipata nyumbu chini kidogo ya 100,000. Hesabu nyingine ya angani iliyofanywa mwaka 1961 ilipata zaidi ya mara mbili ya hao. Ni kweli kwamba sotoka ilikuwa inapungua na nyumbu walikuwa wameanza kuongezeka. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 walizidi milioni moja. Lakini nyumbu jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na wengi wa ndama hao huliwa na fisi na simba. Kundi haliwezi kuzidi maradufu kwa miaka mitatu. Jicho lililokuwa juu liliwakosa wengi, pamoja na bidii yote iliyotumika.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mnyama anayeonekana kutoka ndegeni ni nukta. Yupo pale kwa dakika ile ndege inapopita. Jana alikuwa wapi, alitaka kwenda wapi, nini kilimzuia, hayo yote hayamo katika nukta. Hesabu ya namna hiyo hutujibu "wangapi?", wala haitujibu "kwa nini wako huku na si kule?"

Kasoro ya tatu ni ya watu. Katika kazi ile wenyeji hujitokeza zaidi kama wawindaji haramu wenye mitego ya nyaya, au kama wachungaji ambao ng'ombe wao wanabanana na wanyamapori. Mitego hiyo ilikuwepo na mateso yake kwa wanyama yalikuwa ya kweli, sitaki kuyatetea. Lakini mtu yule yule aliyejua mahali pa kutega alikuwa anajua jambo lililokuwa halijulikani na mtu wa ndegeni. Alijua njia. Alijua ni kundi gani limepita usiku, lina majike mangapi yenye ndama, na litarudi lini. Elimu hiyo haikuhojiwa. Ilihukumiwa pamoja na mtego wake.

Sasa elimu hiyo ni ipi? Sisi tuliokulia machungani tunaijua, ingawa wengi wetu hatukuwahi kuiita elimu. Mtoto wa Kisukuma aliyepewa ng'ombe kuchunga alijifunza nyayo kabla ya kujifunza herufi. Ng'ombe akipotea hutazami upeo wa macho, unatazama chini. Ulikuwa unajua unyayo wa dume lenu na unyayo wa ng'ombe mwenye kwato iliyopasuka, ukaweza kuutenga na nyayo za ng'ombe wa jirani, kama vile mwalimu anavyoutambua mwandiko wa mwanafunzi kabla hajasoma jina. Na walikuwepo mabingwa zaidi yetu. Banunguli, wale mafundi wa kuwinda nungunungu ambao ngoma yao bado huchezwa, walifuata nyayo mpaka mdomoni mwa shimo, wakajua kama mwenyewe yumo kabla ya kuthubutu kuingia.

Hata udongo tulikuwa na majina yake. Luseni ni mchanga, na mchanga mkavu hupoteza ncha za unyayo upesi, ila ukiwa na umande huushika vizuri. Itogolo ni ule udongo mgumu wa tambarare, ambao hutoa alama hafifu kama kalamu iliyokwisha wino. Mbuga ni ule mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Unyayo wa tembo uliozama humo mwezi wa Aprili unaweza kubaki mpaka Agosti, mgumu kama sahani ya udongo. Kwa hiyo msomaji wa nyayo kabla ya kusoma neno huuliza limeandikwa kwenye karatasi gani.

Kisha yako maneno yenyewe. Punda milia ana kwato moja isiyopasuka; nyumbu ana kwato iliyogawanyika. Simba na chui huficha kucha zao wanapotembea, kwa hiyo kucha hazionekani kwenye alama. Fisi na mbwa hawawezi kuzificha, na unyayo wa mbele wa fisi ni mkubwa kuliko wa nyuma. Unyayo wa mbele wa tembo ni wa mviringo na wa nyuma ni mrefu kidogo. Ukiupima mzunguko wa ule wa mbele kwa kamba, ukazidisha mara mbili, utapata kadiri ya kimo chake begani. Mistari iliyomo kwenye wayo wake ni yake peke yake, kama ile ya vidole vyetu. Umri wa alama nao husomeka: ukingo ukiwa umeanza kubomoka, au mdudu akiwa ameburura njia yake juu ya ukingo huo, ujue aliyepita alipita kabla ya mdudu.

Nilipokuwa mwalimu mkuu tulikuwa na desturi, kama shule nyingi, ya kufagia uwanja. Sisi tulifagia jioni. Asubuhi, kabla ya mstari, niliwapeleka wanafunzi wachache kusoma kilichoandikwa usiku. Vijana waliokuwa wa mwisho katika kusoma kitabu waliibuka wa kwanza katika kusoma uwanja, jambo ambalo lilinifundisha mengi kuhusu maana ya neno "mjinga". Siku moja tulikuta nyayo za fisi zimekuja kutoka upande wa korongo mpaka ukingo wa sehemu iliyofagiliwa. Pale alisimama, akakanyaga kanyaga, kisha akageuka akarudi alikotoka. Tulikuwa na daftari lenye safu mbili: waliopita na wasiopita. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu tumwandike wapi? Alikuja au hakuja?" Sijawahi kulisikia swali hilo likiulizwa vizuri zaidi katika kitabu chochote cha uhifadhi, na ndilo linalotupeleka barabarani.

Barabara inapopita katika nchi ya wanyama, wanyama hufanya moja kati ya mambo manne. Wako wanaokaribia na kuvuka salama. Wako wanaogongwa. Wako wanaokaribia, wakasita, wakageuka. Na wako ambao baada ya muda hawakaribii tena kabisa. Kundi la pili tu ndilo huacha ushahidi unaoonekana na kila mpita njia, yaani mzoga. Kundi la tatu na la nne ndiyo hasara ya kimya, na pengine ndiyo hasara kubwa zaidi, kwa kuwa mnyama anayekatazwa maji au malisho au mwenzi hafi siku hiyo. Hufa yeye na uzao wake polepole, mahali ambapo hakuna gari.

Tuitazame Mikumi. Barabara kuu iendayo Zambia inaikata hifadhi ile kwa urefu wa kilomita 50 hivi. Mtu anayepita huko hukutana na matuta ya kupunguza mwendo na mabango yanayoorodhesha faini, kila mnyama na bei yake. Tangu miaka ya 1990 watafiti wameandika juu ya wanyama wanaogongwa hapo, na kazi yao ni ya maana. Lakini ni hesabu ya mizoga, na mizoga ni shahidi mwenye mapungufu. Fisi na tumbusi huila kabla ya mhesabuji kufika. Mnyama aliyejeruhiwa hujikokota akafie porini. Na lililo baya zaidi ni hili: mwaka ambao mizoga imepungua unaweza kuwa mwaka wa habari njema, kwamba madereva wamejirekebisha. Unaweza pia kuwa mwaka wa habari mbaya, kwamba wanyama wameacha kuja. Takwimu ni ile ile, maana ni mbili zinazopingana. Bango la faini nalo humfundisha dereva kwamba deni lake kwa mnyama huanza pale anapomgonga. Halina bei ya mnyama aliyegeuka.

Wenzetu wa nchi za baridi wamelitambua jambo hili kwa msaada wa kitu ambacho sisi hukiona kwa mbali tu, kileleni Kilimanjaro. Huko theluji ikianguka hufunika kila alama ya zamani, na ardhi inakuwa ukurasa mweupe. Katika jimbo la Washington, Marekani, barabara kuu ya I-90 inavuka milima ya Cascade kwenye pito liitwalo Snoqualmie. Wakati wa baridi, raia wa kawaida wa kujitolea waliofundishwa kusoma nyayo wamekuwa wakienda huko baada ya theluji kuanguka, wakatembea sambamba na barabara, wakaandika kila unyayo wanaoukuta na mwelekeo wake. Siri ya kazi hiyo ni muda. Theluji imewapa tarehe: chochote kilichoandikwa juu yake kimeandikwa tangu siku ilipoanguka. Na kwa kuwa mstari wa nyayo haukatiki, wanaweza kumfuata mnyama mmoja mpaka ukingoni mwa lami na kuona kwa macho yao kwamba alisimama, akazunguka, akarudi msituni. Elimu hiyo imekwenda sambamba na kazi kubwa ya kujenga njia za wanyama chini na juu ya barabara ile.

Huko Banff, Kanada, ambako barabara kuu ya nchi inapita katikati ya hifadhi ya milima, walijenga njia za namna hiyo mapema zaidi, na tangu mwaka 1996 wakafuatilia nani anazitumia. Kabla ya kamera kuenea walitumia mbinu ambayo mwanafunzi wetu yeyote angeicheka kwa kuifahamu: walitandaza udongo laini njiani, wakausawazisha kwa reki, wakarudi baada ya siku kadhaa kusoma. Ni uwanja wa shule uliofagiliwa. Waliona kwamba dubu walichukua miaka kuzizoea njia hizo. Aliyehesabu mwaka wa kwanza tu angesema mradi umeshindwa.

Nasi katika Afrika ya Mashariki tunao mfano wa mlimani. Kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru, kaskazini mwa Mlima Kenya, ilijengwa njia ya tembo chini ya lami, ikaanza kutumika mapema mwaka 2011. Inaunganisha msitu wa mlima na msitu wa Ngare Ndare pamoja na nyanda za Lewa, katika ushoroba wa kilomita 14 hivi. Dume aliyepewa jina la Tony alipita humo muda mfupi tu baada ya kufunguliwa, na wengi wakamfuata. Tembo hawakupelekwa shule. Njia ya watu ndiyo iliyowekwa mahali ambapo njia ya tembo ilikuwa inajulikana tangu zamani. Jambo hilo dogo, la kujua ni wapi, ndilo tofauti kati ya njia inayotumika na tundu la zege lisilo na kazi.

Sasa turudi Serengeti, kwenye ule mjadala mkubwa wa barabara. Mwaka 2010 mpango wa serikali wa kupitisha barabara kuu kaskazini mwa hifadhi, kipande cha kilomita 53 ndani yake, ulizua kelele dunia nzima. Wanasayansi 27 waliandika katika jarida la Nature kwamba nyumbu wakizuiwa kuufikia Mto Mara wangeweza kushuka kutoka milioni 1.3 hadi chini ya 300,000. Mwaka 2011 serikali iliieleza UNESCO kwamba kipande hicho hakitawekwa lami. Kesi iliyofunguliwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki mjini Arusha ikatolewa hukumu tarehe 20 Juni 2014, na mpango wa awali ukazuiwa.

Nimeusoma mjadala ule kama mhakiki, na nasema bila kuficha kwamba nauunga mkono uamuzi. Lakini namna ulivyojadiliwa inastahili kulaumiwa pande zote mbili. Upande mmoja ulimtaja mwananchi wa Mugumu na Loliondo anayehitaji kufika hospitali na sokoni, ukamsahau mnyama. Upande wa pili ulimtaja nyumbu, tena nyumbu wa kompyuta, ukamsahau mwananchi. Wote wawili walizungumzia mambo yajayo ambayo hayana unyayo. Kisha likaja pendekezo la busara la njia ya kusini, izunguke hifadhi kwa kupitia Karatu, Mbulu, Haydom na Sibiti, itokee huku kwetu Meatu na Maswa. Dunia ikashangilia. Ni wachache waliouliza: je, kusini hakuna wanyama? Hakuna watu? Bonde la Eyasi ni nchi ya Wahadzabe, ambao labda ndio wasomaji hodari kuliko wote wa nyayo waliobaki katika nchi hii. Meatu inapakana na Pori la Akiba la Maswa, lililoanzishwa mwaka 1962 na ambalo mipaka yake imebadilishwa zaidi ya mara moja. Barabara tunaihitaji, nami nilikuwa mmoja wa waliofurahi kuona lami inatoka Lamadi mpaka Bariadi. Lakini kuihamisha barabara kutoka mahali palipotazamwa na ndege kuja mahali pasipotazamwa si sawa na kulimaliza tatizo.

Msomaji atauliza, haya yanamhusu nini mkulima wa pamba wa Itilima? Yanamhusu sana. Tembo anayegeuka barabarani haendi mbinguni. Hutafuta upenyo mwingine, na mara nyingi upenyo huo ni shamba la mtu. Wakazi wa vijiji vinavyopakana na mapori wanajua maana ya kuamka na kukuta ekari mbili za mahindi zimelala, na wako waliopoteza ndugu. Sheria inampa mtu huyo kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa jeraha au kifo, chini ya kanuni za mwaka 2011. Lakini afisa akija shambani hutaka kuthibitisha. Ushahidi wa kwanza anaoutazama ni unyayo. Mvua ikitangulia kabla ya afisa, ushahidi umefutika, na mkulima anabaki na maneno matupu. Kama kijijini yupo mtu aliyefundishwa kupima, kuchora na kuandika tarehe asubuhi ile ile, madai yana miguu ya kusimamia. Hivyo kusoma nyayo si mchezo wa wazungu wenye nafasi wakati wa theluji. Kwetu ni haki ya mtu maskini.

Yako mapingamizi, na ni vema niyajibu. La kwanza ni kwamba nyayo haziwezi kuhesabu nyumbu milioni moja. Ni kweli, na sisemi ndege zitupwe. Ndege ituambie wangapi, unyayo utuambie wapi na kwa nini. La pili ni kwamba lami haishiki unyayo. Ni kweli pia, lakini kando ya lami kuna mchanga, na palipo na itogolo ngumu mchanga unaweza kutandazwa kama walivyofanya Banff. La tatu ni zito zaidi: je, hatutakuwa tunawafundisha majangili? Nami nauliza, jangili gani anayesubiri kufundishwa? Elimu hii anayo tayari. Asiyekuwa nayo ni mhandisi anayechora barabara na mwalimu anayemfundisha mtoto "mazingira" kwa picha ya kitabuni. La nne ni usalama, na hapo sina mzaha. Kazi ifanyike mchana, kwa makundi, pamoja na askari wa wanyamapori wa vijiji, na mtoto wa shule abaki uwanjani mwa shule.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kipande kimoja cha barabara kichaguliwe, mahali ambapo Mwanza–Musoma inapita karibu na lango la Ndabaka, na kingine ambapo barabara zetu za Meatu zinaukaribia ukingo wa pori. Kitembelewe siku ile ile ya kila wiki, kiangazi na masika, miaka isiyopungua mitano. Daftari liwe na safu nne: waliokaribia, waliovuka, waliogeuka, waliokufa. Wanachuo wa ualimu wa mkoa huu waifanye kama sehemu ya mafunzo yao ya sayansi, wakifundishwa na wazee waliokwisha kuacha upinde. Na wazee hao walipwe, kisha majina yao, kwa ridhaa yao, yaandikwe mwanzoni mwa taarifa kama waandishi, wala si mwishoni katika ule mstari mmoja wa shukrani kwa "wasaidizi wa porini".

Hilo la mwisho naliona kuwa kiini cha uhakiki wangu. Kazi ya akina Grzimek ilisema Serengeti isife, na kwa kiasi kikubwa haijafa. Lakini kizazi kizima cha watu waliokuwa wanaisoma kwa miguu kimekufa bila kuulizwa, na waliobaki ni wazee wa rika langu au zaidi. Kila masika inayopita inafuta ukurasa, kama kawaida yake. Ukurasa huandikwa tena usiku ule ule. Msomaji akifa, hakuna mvua inayomrudisha.

Kwa hiyo siku mkandarasi mwingine atakapokuja na ramani yake, na mkutano ukaitishwa chini ya mwembe, na takwimu za magari na za wanyama zikasomwa kwa sauti kubwa, naomba mtu mmoja asimame aulize swali ambalo halimo katika taarifa. Wangapi waligeuka? Na kama hakuna anayejua, barabara ingojee kidogo, tukatazame chini.